Mamba Muntu si Bibi Yetu



Katika mkutano wetu wa mwisho, ule wa kutafuta namna ya kupaka rangi ukumbi, ndugu mmoja wa komite alisimama akapendekeza kwamba kwenye ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara, tumchore mamba muntu: nusu mwanamke, nusu samaki, nywele zimeshuka mpaka kiunoni, kioo mkononi, saa ya dhahabu, nyoka mabegani. Alisema huyo ndiye mungu wa maji wa babu zetu, na kwamba hata mtu anayepita juu ya toleka atajua bila kuuliza kwamba hapa ni nyumba ya mila. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliomba neno, nikaanza kueleza, mwenyekiti akanikata: saa imeisha, mwalimu, uandike. Basi ninaandika.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na yule ndugu. Anapenda mila, na mchoraji aliyemfikiria ana mkono mzuri. Ugomvi wangu ni na maneno yake sita tu, "mungu wa maji wa babu zetu", kwa sababu maneno hayo nimeyasikia pia mahali pengine kabisa. Si mbali na ukumbi wetu kuna eglize ya mabati, moja ya zile za uamsho, ambayo usiku wa Ijumaa inakesha na mikrofoni. Huko nako anatajwa mwanamke huyu huyu, kwa nywele zake na saa yake, na pasta anapaza sauti kwamba ndiye shetani wa babu zetu, aliyewafunga wazazi wetu kwenye mto, na kwamba hata leo baadhi ya watoto wetu ni watu wake. Sisi watu wa mila tunamsifu, wao wanamlaani. Lakini mkiangalia vizuri, tunakubaliana nao: sote tunasema ni wa babu zetu. Mimi nasema hapana. Na kosa hili si la vitabu tu. Kuna wanaolilipa, nitawataja mbele.

Tuanze na picha yenyewe, maana picha hii ina historia inayojulikana. Katika miaka ya 1880, huko Hamburg, Ujerumani, kampuni ya uchapaji ya Adolph Friedländer ilichapa bango la rangi la mwanamke anayecheza na nyoka. Hamburg ndiko alikofanyia kazi Carl Hagenbeck, yule mfanyabiashara wa wanyama wa porini aliyewaonyesha Wazungu simba, tembo, na hata watu wa nchi za mbali, kwa tiketi. Bango lilikuwa la biashara ya namna hiyo. Mwanamke ana nywele nyingi nyeusi, nguo ya mapambo, nyoka amemzunguka, na sehemu ya chini ya mwili wake haionekani. Bango likafika pwani ya Afrika Magharibi. Watu wa kule walikuwa na pepo zao za maji tangu zamani, na walikwisha kuona sanamu za wanawake-samaki zilizochongwa mbele ya meli za Wazungu. Walipokutana na mwanamke asiye na miguu, wakamalizia wenyewe: mkia. Mwaka 1901, katika mji wa Bonny, kwenye mdomo wa mto Niger, kinyago kilichochongwa kwa kufuata bango hilo kilikuwa kimekwisha kupigwa picha. Na jina lake la kule, Mami Wata, ni Kiingereza cha bandarini. Ni nani kati ya wazee wetu wa Wagenia au wa Lokele aliyeomba dua kwa Kiingereza cha bandarini?

Haikuishia hapo. Mwaka 1955 mfanyabiashara mmoja wa Kumasi, katika nchi inayoitwa leo Ghana, aliagiza picha ile ile ichapwe upya Bombay, India. Kampuni moja ya kalenda ikachapa nakala 12 000. Mtaalamu wa historia ya sanaa Henry John Drewal amefuata nyayo za picha hiyo kwa miaka mingi, na anaonyesha jinsi ilivyosafiri pamoja na picha nyingine za Kihindi, za miungu yao, zilizouzwa sokoni bila maelezo. Watu wakazisoma kwa macho yao. Mungu mmoja wa Wahindi mwenye vichwa vitatu, Dattatreya, akageuka huko Togo na Ghana kuwa Densu, ambaye wengine wanamwita Papi Wata, mume wa yule mama. Dattatreya mwenyewe hana habari na maji hata kidogo.

Kwetu Kongo alibatizwa kwa Kiswahili: mamba muntu. Katika miaka ya 1970 wachoraji wa mitaani wa Lubumbashi walimchora tena na tena, na familia za wafanyakazi zikamtundika kwenye salon. Angalieni walivyomvika. Saa, mkufu, ngozi nyeupe au ya maji ya kunde, nywele zisizo zetu. Ahadi yake ni moja: utatajirika upesi, bila jasho, na siku moja utatoa mtu wa nyumbani mwako. Hii ni ndoto ya mtu wa mji aliyeona utajiri wa Mzungu ukishuka kutoka kwenye meli asijue umetoka wapi. Ni ndoto ya kuchunguzwa, naikubali. Lakini si mila ya mto huu.

Mtu asinielewe vibaya akadhani ninamkataa kwa kuwa ni mgeni. Nikikataa wageni nitaandika kwa lugha gani? Kiswahili hiki kilipanda mpaka hapa na misafara ya watu wa Tippu Tip, na misafara ile ilileta minyororo pamoja na maneno. Jina Kisangani lenyewe ni la lugha hiyo. Hata yale majani yanayoelea mtoni, yanayoziba injini za baleinière, yalitoka Amerika Kusini, yakauenea mto wetu katika miaka ya 1950, na watu wakayaita Kongo ya Sika. Hakuna anayesema majani hayo yalipandwa na babu. Tunajua yalikuja lini, ndiyo maana tunajua pia kuyaondoa. Kwa mamba muntu hatukufanya hesabu hiyo.

Hapa inanibidi nizunguke mpaka India, maana kuna maneno ya sokoni ambayo wasomaji wote wanayajua. Banasema nguvu ya Wahindi inatoka kwenye mayi. Banasema Mhindi mwenye duka anamfuga yule mwanamke kwenye chumba cha nyuma, katika pipa. Nimeyasikia kutoka kwa watu wenye diplome. Naipaul alipoandika kitabu chake cha mwaka 1979, A Bend in the River, alimweka Mhindi wa pwani dukani katika mji unaofanana sana na wetu, na yule mwenye duka hakuwa na pipa: alikuwa na madeni na hofu. Lakini swali lenyewe ni zuri. Je, Wahindi wana mungu wa maji? Wanaye. Na si huyu.

Anaitwa Varuna. Anasifiwa katika Rigveda, nyimbo za ibada zenye umri wa miaka zaidi ya 3000. Na hapo mwanzo hakuwa mungu wa maji peke yake. Alikuwa mwangalizi wa utaratibu wa dunia nzima: jua kufuata njia yake, mito kuteremka bila kujaza bahari, mtu kutimiza alichoapa. Ana wapelelezi wasiofumba macho. Ana kamba, na kwa kamba hiyo anamfunga mwongo. Ugonjwa wake ni mmoja unaojulikana: tumbo la mvunja ahadi linajaa maji. Watu walimwogopa kama tunavyomwogopa hakimu asiyepokea kitu chini ya meza. Katika karne ya 14 kabla ya Kristo, wafalme wawili, wa Wahiti na wa Mitanni, walipoandika mkataba wa amani, jina la Varuna liliwekwa kati ya mashahidi. Kibao chenye mkataba huo kilichimbwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Kwa hiyo jina lake la zamani kabisa tulilo nalo kwa maandishi yenye tarehe, halipo kwenye hadithi ya utajiri. Liko kwenye mkataba.

Baadaye miungu mingine ilipanda, yeye akashushwa, akaachiwa bahari na upande wa magharibi. Wachongaji wanamweka juu ya makara, mnyama wa majini mwenye sura ya mamba na mwili wa samaki. (Mamba na samaki, naona wengine wanatabasamu. Lakini makara ni mnyama wa kupanda tu, kama punda. Haahidi mtu fedha.) Na kuna Wahindi wa Sindh, wafanyabiashara hodari waliotawanyika katika miji mingi ya Afrika, wanaomheshimu Jhulelal, mzee mwenye ndevu nyeupe anayepita juu ya mto Indus akibebwa na samaki. Wanasema ni Varuna aliyeshuka ili kuwaokoa watu na mfalme dhalimu. Kama yupo Mhindi mwenye picha ya mungu wa maji nyuma ya duka lake, huenda ni ya huyo mzee mwenye ndevu. Mwanamke wa nyoka ni wa Hamburg.

Kuna hadithi moja ya Varuna ambayo ningependa isomwe polepole, katika kitabu cha ibada kinachoitwa Aitareya Brahmana. Mfalme Harishchandra alikuwa na wake mia moja na hakuna mtoto wa kiume. Akashauriwa amwombe Varuna. Akaomba, akaahidi kwamba akipata mtoto atamtoa kwa Varuna kuwa sadaka. Mtoto akazaliwa, Rohita. Varuna akaja kudai. Mfalme akasema: asubiri siku kumi zipite. Zikapita. Asubiri meno yaote. Yakaota. Asubiri meno yang'oke. Asubiri yaote tena. Asubiri ashike silaha. Kila mzazi anaielewa hesabu hii. Siku ya mwisho ilipofika, kijana mwenyewe alikataa, akachukua upinde akaingia porini. Na tumbo la mfalme likajaa maji.

Rohita alizunguka porini miaka sita. Akakutana na mtu mwenye njaa, Ajigarta, pamoja na watoto wake watatu. Akamwambia: nitakupa ng'ombe mia moja, unipe mmoja wa hawa nijikomboe naye. Baba akamkumbatia wa kwanza, akasema huyu hapana. Mama akamkumbatia wa mwisho, akasema huyu hapana. Akabaki wa katikati, Shunahshepa. Akauzwa. Wakampeleka mbele ya nguzo ya sadaka, na hapo hakuna mtu aliyekubali kumfunga. Baba yake akasema: mnipe ng'ombe mia nyingine, nitamfunga mimi. Akamfunga. Hakuna aliyekubali kumchinja. Baba yake akasema: mnipe mia nyingine, nitamchinja mimi. Akaja ananoa kisu.

Mtoto, alipoona kwamba watamtendea kama asiye mtu, akaanza kuwaomba miungu, mmoja baada ya mwingine, Varuna naye akiwemo. Mwishoni akamwimbia Alfajiri. Kila ubeti ulipotoka kinywani, kamba ililegea, na tumbo la mfalme likapungua. Ubeti wa mwisho, kamba ikaanguka, mfalme akapona. Basi Ajigarta akataka kumrudisha mtoto nyumbani. Mtoto akakataa: alikwisha kukiona kisu mkononi mwa baba yake. Mhenga mmoja, Vishvamitra, akamchukua kuwa mwanawe.

Mnaona aliyeponea hapo? Wote wawili, mtoto na mfalme, na deni likaisha bila damu. Mungu wa maji wa Wahindi, yule mkali mwenye kamba, aliridhika bila kuchinjiwa mtoto. Waliokuwa tayari ni watu, na mmoja alikuwa baba mzazi, kwa bei ya ng'ombe mia tatu.

Katika avenue yetu, komini ya Mangobo, bei ilikuwa mbuzi mmoja na dola hamsini.

Mtoto alikuwa na miaka tisa. Mama yake alikwisha kufariki, analelewa kwa mjomba. Mjomba alipoteza kazi, mtoto wake mchanga akafa kwa homa, yote mwaka mmoja. Na huyu msichana alikuwa anakojoa kitandani. Ndiyo, hilo tu. Mtu mmoja wa maombi alimwambia mjomba: "Kila usiku analeta mayi kwenye nyumba, na wewe unanyamaza? Huyu mutoto iko na vitu vya mayi." Wakampeleka kwenye kikundi cha maombi, akafungiwa siku tatu bila chakula. Siku ya tatu alikubali. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba usiku anashuka chini ya mto, anakutana na mama mweupe mwenye nywele mpaka kiunoni, kioo mkono mmoja, saa mkono mwingine, nyoka wa kijani mabegani, na kwamba huyo mama alimwomba mtoto mchanga, akampa.

Watu wakalia. Hii ndiyo hakika waliyoitafuta. Wangewezaje kumshuku, mtoto wa miaka tisa, asiyejua kusoma vizuri, anajua yote hayo ametoa wapi?

Mimi nilijua ametoa wapi. Kwenye kona ya avenue yetu kulikuwa na nganda, na ukutani mwa nganda mamba muntu. Jioni nikaenda kumwangalia. Kioo mkono wa kushoto, saa mkono wa kulia, nyoka wa kijani. Mtoto huyu alitumwa pale mara nyingi kununua barafu. Alipobanwa aseme aliona nini chini ya maji, alisema alichokiona ukutani. Nilirudi kwa mjomba, nikamshika mkono, nikamleta mbele ya ukuta ule. Aliangalia muda mrefu. Kisha akaniambia: "Papa mwalimu, na mchoraji alimuona wapi?"

Jibu hilo ndilo ambalo halijanitoka. Kwa maana jibu la kweli ninalo, ni Hamburg, ni Bombay, ni nakala 12 000. Lakini yeye alikwisha kuambiwa na pasta kwamba ni wa babu, na akipita kwenye ukumbi wetu wa mila ataambiwa na sisi vilevile. Atamwamini nani mwingine?

Najua nitajibiwa kwamba hata wazee waliogopa maji na walishtakiana. Ni kweli, nisiwapake sukari. Pale Yakusu, chini kidogo ya mji, misioni ya Waprotestanti iliandika habari nyingi za mamba anayetumwa na mtu, na mwanahistoria Nancy Rose Hunt amezikusanya katika kitabu chake cha mwaka 1999. Mtu akikamatwa na mamba, watu hawakuuliza mamba gani, waliuliza mamba wa nani. Na mshtakiwa aliweza kupata taabu kubwa. Sitaki kuirudisha mahakama hiyo. Lakini angalieni waliyemshtaki: mtu mzima, mwenye mali, mwenye ugomvi unaojulikana, anayeweza kusimama akajitetea mbele ya ukoo wake. Kumshtaki mtoto anayekojoa kitandani, kumfungia, kumtupa njiani, hilo limeenea katika miji yetu tangu miaka ya 1990. Filip De Boeck ameliandika kwa Kinshasa, na anayeishi Kisangani hahitaji kwenda Kinshasa kuliona, atembee sokoni saa mbili usiku.

Sababu zake hazijafichika. Mishahara ilikufa. Ndugu wakawa wengi kuliko sahani. Kisha vita. Mwezi wa sita mwaka 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mji wetu kwa siku sita; Umoja wa Mataifa ulihesabu makombora zaidi ya 6600 na raia zaidi ya 760 waliokufa. Mji ambao umetendewa hivyo na majirani wenye silaha, ambao hatukuweza kuwashika, ulitafuta wa kumshika. Ulimpata aliye mdogo kuliko wote. Mahakama ya The Hague iliamua mwezi wa pili mwaka 2022 kwamba Uganda ilipe dola milioni 325. Kwa watoto waliotolewa nyumbani mwao kwa jina la maji hakuna mahakama yoyote iliyohesabu.

Na sheria si kwamba haiko. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inamtoza anayefanya hivyo kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu, pamoja na faini. Nimeisoma mbele ya watu kwenye avenue. Walinisikiliza kwa adabu. Mmoja akaniuliza kama sheria hiyo inafika mpaka chini ya mto.

Sasa, watu wa mila, tunataka kitu cha mto ukutani. Mimi pia nataka. Nani asiyejua kwamba tuko nacho? Nendeni asubuhi kwenye maporomoko, kwa Wagenia. Kutoka Ubundu mpaka hapa mto unaanguka mara saba, na pale mwishoni, kwenye mawe, Wagenia wamesimamisha miti mikubwa, wameifunga kwa kamba za msitu, wameteremsha vikapu vyao virefu vyenye mdomo mpana ndani ya maji yanayoweza kumchukua mtu kabla hajapiga kelele. Stanley alifika Januari 1877 akaikuta miti hiyo. Maji makubwa yanaing'oa, wanaisimamisha upya. Kila mahali pana familia yake, inajulikana ni nani ateremshe kikapu wapi, na ukiingia mahali pa mwenzako kuna wazee wa kukuita. Mzee mmoja wa pale niliyemuuliza habari za mamba muntu aliniangalia kama mtu aliyeulizwa habari za mvua ya Ulaya. Aliniambia kwamba maji hayataki mtu mwenye uongo, kwa sababu ukimdanganya mwenzako kuhusu fundo ulilofunga, atakufa yeye, na kesho utakufa wewe.

Nilicheka ndani ya moyo, maana nilikuwa nimetoka kumsoma Varuna wiki ile. Sisemi kwamba Wagenia walimpata kutoka India, wala Wahindi kutoka kwetu. Nasema tu kwamba watu wanaoishi na maji kweli kweli, huku na huku, wamejua kwamba jambo la kuogopa mtoni ni mvunja ahadi. Yule wa kwenye picha hamwogopeshi mwongo. Anamlipa.

Kuna wawili watatu walionijia baada ya mkutano. Mmoja alisema ninaleta dini ya Wahindi. Kaka, mimi ni Mkatoliki, na katekista anaweza kunishuhudia. Nimemtaja Varuna kwa sababu mnamtaja Mhindi kila siku sokoni bila kumuuliza anaamini nini. Mwingine alisema ni picha tu, mwalimu, unaipa uzito mno, hata Lubumbashi ziliuzwa kama pambo. Lakini picha hiyo ilisimama mbele ya kikundi cha maombi ikatoa ushahidi, na ushahidi wake ukapokelewa. Wa tatu alisema wageni wanapenda mamba muntu, kwamba Mzungu akipita atapiga foto na kutoa kitu. Huyo angalau alisema kweli.

Ninaomba hivi. Komite ifute uamuzi ule. Mchoraji, ambaye naambiwa amekwisha kupewa nusu ya pesa, asinyang'anywe. Apelekwe kwa Wagenia siku mbili, na chakula chake tutachanga, achore miti, kamba, vikapu, na watu wenye majina yao chini, kama wenyewe watakubali. Na kama kuna atakayesema ukuta utakuwa hauna mungu, aje aniambie mbele ya mkutano ni mungu gani.

Yule msichana yuko kwetu sasa. Mke wangu alimchukua wiki ile ile, mjomba hakupinga, alileta nguo zake katika mfuko mmoja wa sukari. Kukojoa kuliisha kwenyewe baada ya miezi minne. Anasoma mwaka wa tano wa primeri, na kwa hesabu ni mzuri kuliko watoto wangu. Ukuta wetu wa mbele, ule unaotazama barabara, unatazama njia anayopita asubuhi kwenda masomo.